Mkiwapeleka wageni Chemka, gawaneni zamu za kuwalinda wanaoogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na wenyeji wa Kilimanjaro na Arusha watakaopokea ndugu zao Desemba hii. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na wengine wanashuka uwanja wa ndege wa KIA wakitokea Ulaya na Marekani. Wakishasalimia wazee na mbuzi akishaliwa, watoto wanaanza kuuliza wanakwenda wapi. Jibu la familia nyingi siku hizi ni kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, na ni jibu zuri. Tatizo ni kwamba safari hii hupangwa kama sherehe. Kuna mtu wa nyama, mtu wa vinywaji na mtu wa gari, lakini mtu wa maji, yaani wa kuwalinda wanaoogelea, hayupo. Mgeni anamtegemea mwenyeji, mwenyeji anaamini mama wa mtoto anaangalia, na mama naye anaamini shangazi yuko pale pale ukingoni.

Kwanza tuyaelewe maji yenyewe. Chemka iko wilaya ya Hai, kusini mwa Boma Ng'ombe, upande wa Rundugai. Mvua inayonyesha mlimani huzama kwenye miamba ya volkano, hupita chini kwa chini na kuibukia kwenye tambarare kavu. Ndiyo maana unasafiri kwenye vumbi tupu, halafu ghafla unakuta mikuyu mikubwa imezamisha mizizi kwenye maji ya buluu. Watu wengi huyaita maji moto, lakini ni ya uvuguvugu tu na hayafikii joto la mwili, yaani nyuzi 37. Shemeji aliyezoea mabwawa ya Ulaya yenye nyuzi 38 au 40 aambiwe mapema, asije na matumaini ya kuloweka mgongo unaouma.

Uvuguvugu huo huwadanganya wazazi. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaweza kuanza kutetemeka baada ya nusu saa huku jua likiwaka. Mtoe kila baada ya dakika 20 au 30, mfute, mvike kitu kikavu, mpe maji au uji, kisha arudi akitaka. Kwa mtoto mwenye selimundu hili si la kubembelezana. Baridi ya ghafla na upungufu wa maji mwilini ni vitu viwili vinavyojulikana kuamsha maumivu, na siku ya kuogelea huleta vyote viwili. Akae majini muda mfupi zaidi, anywe maji mara kwa mara, na asiachwe na nguo mbichi hata kidogo.

Hatari kubwa kuliko zote ni kina, na kinachoificha ni uzuri wa maji yale. Yako safi kiasi kwamba unaona mawe ya chini na samaki wadogo wanaokuja kudonoa miguu. Mtu anasimama ukingoni, anaona chini, anaamini atasimama. Lakini mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na kina huonekana kama robo tatu tu ya kina halisi. Penye mita 4 unaona mita 3. Penye mita 2, ambapo mtu mzima wa kawaida anafunikwa kabisa, unaona mita 1 na nusu na unadhani maji yatakufika shingoni. Ukikaa pembeni na kutazama kwa mshazari udanganyifu unazidi. Kwa hiyo asiyejua kuogelea asipime kwa macho. Aingie kwa miguu, akishika mzizi au mkono wa mtu, na maji yakifika kiunoni asimame hapo hapo. Na siku ambayo mvua imenyesha na maji yamechafuka kiasi cha kutoona chini, msiogelee. Mtu akizama kwenye maji ya namna hiyo hamtajua aliko.

Tyubu zinazokodishwa ni za kuchezea, si za kuokolea. Kabla ya kumpakia mtoto, tazama mambo mawili. La kwanza ni tundu la katikati: likiwa pana kuliko kifua chake, siku atakayoinua mikono juu atapenya na kushuka moja kwa moja. La pili ni kile chuma cha kujazia upepo. Kikielekea ndani huchana paja au mbavu mtu anapojirusha juu, na jeraha lake huwa refu, kwa hiyo kigeuzwe chini au nje, au kifungwe kitambaa kizito. Mtu mzima asiyejua kuogelea asiende katikati kwa tyubu peke yake. Ikipinduka, mikono yenye maji haipati pa kushika.

Jaketi okozi ndilo la kuaminika, mradi limtoshe mvaaji. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litapanda hivyo hivyo na kumfunika uso. Lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ni bora kwa wadogo. Uzito ambao jaketi linaweza kubeba huandikwa ndani, kwa hiyo soma kabla ya kulipa.

Kuhusu kamba ya kuning'inia na kujirusha, najua vijana hawatakubali kuiacha, kwa sababu picha zote wanazoziona mtandaoni ni za kamba hiyo. Basi itumike kwa taratibu. Mtu mzima aivute kwanza kwa uzito wake wote akiwa chini, atazame pale inapokunjwa kwenye fundo maana ndipo nyuzi hukatika mapema, kisha mmoja aingie majini kuhakikisha pale wanapoangukia hapana mzizi wala mtu. Kamba isizungushwe kifundoni mwa mkono. Anayejirusha aiachie inapokuwa mbali kabisa na ukingo, kwa sababu anayesita hurudi nayo na kugonga mti. Aingie kwa miguu, kamwe si kwa kichwa. Wa pili asishike kamba mpaka wa kwanza ameonekana juu na amesogea. Watoto wa chini ya miaka kumi ningewakataza kabisa, hata wakilia.

Sasa huyo mtu wa maji. Achaguliwe nyumbani kabla ya safari, tena wawe wanne au watano ili wapokezane. Awe anajua kuogelea, hajanywa pombe, na simu yake iko kwenye mfuko wa mwingine. Zamu iwe ya dakika 20, kwa sababu baada ya hapo macho huchoka na mtu huanza kupiga soga. Avae kitu cha kumtambulisha, kofia nyekundu au kanga begani, na anapokabidhi zamu aseme kwa sauti: "Watoto saba, wanne majini, watatu mkekani, nakuachia." Anayepokea ahesabu mwenyewe kabla hajaitikia. Watoto wakizidi sita majini, walinzi wawe wawili, mmoja kila upande. Mwenye umri chini ya miaka mitano awe na mtu wake maalumu aliye ndani ya maji, umbali wa kumshika bila kupiga hatua.

Tazama pia nguo. Chupi ya kuogelea ya buluu au nyeupe hupotea machoni mita moja tu chini ya maji yale. Wavalisheni watoto fulana za machungwa, nyekundu au njano inayowaka. Mlinzi atawahesabu kwa kutupa jicho mara moja tu.

Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kinaangalia juu, mdomo uko usawa wa maji, nywele ziko usoni, mikono inasukuma maji kama anapanda ngazi, na ndani ya muda usiofika dakika moja anakuwa amekwenda chini. Ukiona mtoto aliyekuwa anacheka amenyamaza ghafla, mwite jina. Asipojibu mfuate.

Wa kumfuata asijitupe mikono mitupu, maana anayezama hushika chochote kilicho mbele yake na kukizamisha, na hapo huwa misiba miwili. Chukueni dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana, lifungeni kamba ya mita 15 kwenye mpini, na liwekwe ukingoni tangu mnapofika. Lita 20 za hewa hubeba karibu kilo 20 ndani ya maji, nguvu inayotosha kuweka kichwa cha mtu mzima juu. Mtupieni ng'ambo ya bega lake, kisha vuteni kamba mpaka dumu limfikie. Weka maji kidogo ndani, kama lita moja, ili liruke vizuri mkononi bila kupeperushwa.

Akitolewa hapumui, asining'inizwe miguu juu wala asibonyezwe tumbo kutoa maji. Kufanya hivyo kunapoteza dakika na kunaweza kumpalia matapishi. Mlazeni chali, inueni kidevu, bana pua, mpulizieni pumzi 5 kwanza, kwa sababu kilichomuangusha ni kukosa hewa. Kisha mbonyeze katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, na kuendelea hivyo. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kwa mtoto theluthi moja ya unene wa kifua. Mwingine apige 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na gari liwe limeshageuzwa kuelekea hospitali ya wilaya pale Boma Ng'ombe. Hata aliyezinduka na kuanza kuongea apelekwe, maana mapafu yaliyoingia maji huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Safari yenyewe haina ugumu mkubwa. Ondokeni Moshi saa moja na nusu asubuhi ili mfike kabla ya saa nne, wakati kuna nafasi chini ya miti na maji bado hayajatibuliwa. Jazeni mafuta na mkague upepo wa tairi Boma Ng'ombe, kwa kuwa baada ya hapo ni barabara ya vumbi. Noah iliyopakia watu wanane na madeli ya soda hukwangua chini kwenye makorongo, kwa hiyo ni heri kugawa watu kwenye magari mawili. Jeki na tairi la akiba vitazamwe nyumbani. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha usiku, ulizeni dereva wa bodaboda pale Boma kabla hamjaingia. Yeye amepita asubuhi ile.

Kiingilio cha raia na cha mgeni hutofautiana. Ndugu yenu mwenye pasipoti ya nje hata kama ni Mchaga wa kuzaliwa Machame anaweza kutozwa cha mgeni, basi jambo hilo limalizwe kwa simu kabla ya safari, lisije likageuka ubishi getini mbele ya watoto. Bebeni vitambulisho na fedha taslimu za noti ndogo. Anayekusanya michango awe mmoja, na alipe yeye kila kitu.

Mkibeba chakula, msibebe cha nazi wala ndizi za supu. Kwa joto la tambarare vinachacha kabla ya saa nane. Pilau linavumilia. Kwa watu 12, kilo moja na nusu ya mchele na kilo 2 za nyama zinatosha kukiwa na kachumbari na matunda. Hotipoti imiminiwe maji yanayochemka na kufunikwa dakika kumi, maji yamwagwe, ndipo pilau liingie likitoka jikoni, na ijae hadi juu kwa sababu hotipoti nusu hupoa haraka. Lisikae humo kwa muda unaozidi saa nne. Kachumbari ikatiwe huko huko. Nyama choma ya kuagiza pale agizeni mnapofika, si mnapohisi njaa. Vifuniko vibanwe, maana tumbili wa kwenye ile mikuyu wanajua kabisa hotipoti ni nini. Chupa za vioo zibaki nyumbani, kila mtu pale anatembea peku.

Sabuni na mafuta ya mgando visiingie majini. Wageni wanaotumia losheni ya jua wajipake nusu saa kabla, au bora zaidi wavae fulana ya mikono mirefu. Maji yale hayaishii pale. Yanaingia mto Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na mto Pangani, na kuna watu wanaoyatumia njia nzima. Kwa sababu hiyo hiyo ya mto, vijana wasifuate mkondo kwenda chini "kuona unaishia wapi". Bwawa la Nyumba ya Mungu lina mamba, na mto hauna uzio.

Waliotoka nje ya nchi wanahitaji maelezo mawili zaidi. Waliokaa Ulaya miaka mingi wamepoteza kinga ya malaria, na watoto wao waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Ondokeni kabla ya saa kumi na moja jioni, na homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama wameshapanda ndege kurudi. Wamwambie daktari wa huko kwamba walikuwa Tanzania. Lingine ni kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, kwa hiyo watoto wasicheze kwenye matope ya kandokando. Kipimo cha kichocho huaminika zaidi wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, na dawa yake, prazikwanteli, inapatikana.

Kuna familia zinazofikiri kwamba baada ya Chemka zinaweza kwenda na watoto wale wale, kwa mwendo ule ule, kwenye chemchemi za Manyara, za Songwe kule Mbeya, au kuvuka hadi Bogoria nchini Kenya. Huko mambo ni mengine kabisa. Kwenye baadhi ya macho ya maji ya Bogoria maji huchemka kweli kweli, na watu huchemshia mayai. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, ya nyuzi 70 kwa sekunde moja, na ngozi ya mtoto ni nyepesi zaidi. Mara nyingi aliyeungua hakuingia majini. Alikanyaga ukingo uliokuwa ganda jembamba la chumvi au chokaa, ukavunjika. Mtoto ashikwe mkono muda wote, viatu vilivyofunika mguu, na msipite nje ya njia iliyokanyagwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitali. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na unga visipakwe.

Namalizia kwa ombi kwa halmashauri na kamati za vijiji, si kwa Chemka peke yake bali kwa kila bwawa la asili linalotoza kiingilio. Sehemu ya fedha hiyo inunue bango la kina lenye namba kubwa kwa mita, lisimamishwe penye kuingilia na jingine kwenye kamba ya kujirushia. Inunue kamba yenye maboya ya kutenga sehemu ya watoto, maboya mawili ya kutupa yenye kamba ya mita 20, na jaketi za watoto za saizi tatu. Ilipe waokoaji wawili waliofunzwa kwa siku za sikukuu. Vitu hivi havisubiri bajeti ya mwaka ujao. Bango ni mbao mbili, rangi na fundi wa siku moja, na siku ya msongamano mkubwa ni tarehe 26. Liwe limesimama kufikia tarehe 24.

Msomaji wenu,
Moshi